Birika kwa Fundi, Kikombe kwa Kanuni

Kijiwe kile kina benchi moja linaloyumba, birika moja la kahawa na, asubuhi hiyo, kikombe kimoja tu kizima. Vingine vilishavunjwa na ubishi. Sheria ya benchi ni hii: mwenye birika hujimiminia kwanza, mwenye kikombe hunywa kwanza. Nyuma ya benchi ndipo lilipo duka la Bi Chapa, mpiga chapa wa mtaa, na siku hiyo alikuwa amekaa nao benchini, roho mkononi. Ameandika maombi ya kazi ya binti yake, kurasa tatu, hakuyahifadhi. Alipobonyeza printa iyachape, kompyuta ikaganda. Mwisho wa kuyapokea ni saa sita. Saa tano ilishapita.

— Zima, washa, akasema Fundi Waya, birika mkononi. Mpanda ngazi hushuka.

— Nikizima, maombi yanapotea! Nimekuita utengeneze, siyo uzike.

— Basi elewa kwanza. Humo ndani kuna mfumo endeshi, ndiye msimamizi. Programu zote zinagombea kichwa kimoja, yeye anazigawia zamu upesi upesi, kila moja inadhani iko peke yake.

— Kama mume wa wake wanne, akasema Profesa, fundi cherehani ambaye shule aliisikia kwa majirani.

— Na kila moja ina chumba chake cha kumbukumbu. Marufuku kuchungulia cha mwenzake.

— Si nimesema? Wake wanne!

Mzee Kanuni, karani mstaafu, akagonga kikombe kitupu gotini.

— Msimamizi kaenda likizo. Nimekaa ofisini miaka thelathini, naijua hali hiyo. Koti lipo kwenye kiti, mtu hayupo.

— Likizo wapi! Programu zimempindua, Profesa akapinga. Sasa humo kuna serikali ya mpito. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia kwa zamu yake.

Bi Chapa akatazama saa. Tano na nusu. Hasira zikampanda hadi utosini.

— Waya, ingia dukani basi!

— Ninywe kwanza. Kanuni, lete kikombe.

— Mimina kwanza. Nikishakunywa, nakupa.

— Mwenye birika kwanza!

— Na mwenye kikombe je?

Hakuna aliyeachia. Kahawa ikaanza kupoa.

Mama mmoja, mgeni mtaani, aliyekuja kutoa nakala ya cheti, akawatazama kwa zamu.

— Samahani, wazee wangu. Hapa nani anamsubiri nani?

Kanuni akamtazama Waya. Waya akalitazama birika.

Bi Chapa alikuwa ameshainuka. Kompyuta inaisubiri printa. Printa nayo inaisubiri kompyuta! Akaingia dukani, akachomoa waya wa printa. Kioo kikashtuka. Maombi yalikuwapo, kurasa zote tatu. Machozi yakamlengalenga. Akahifadhi, akarudisha waya, karatasi zikaanza kutoka.

Alipotoka na bahasha kwapani, wale wawili walikuwa bado wameng'ang'ania. Akampokonya huyu birika, yule kikombe, akamimina, akampa yule mama.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, akaondoka mbio.



— Kavunja sheria ya kijiwe, akanung'unika Profesa. Methali kaitumia sawasawa!