Chupa Iliyotangulia Ajenda

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, mkuu wa kitengo cha maji machafu katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa atakabidhi funguo. Jina lake limo kwenye kitambulisho, lakini nani analitumia? Kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, wote humwita Mzee Chupa. Waajiriwa wapya hudhani ni mlevi, mpaka waione chupa yenyewe. Wenzake walitaka kuandika wasifu huu, wakashindwa kukubaliana kipi kifichwe. Kazi ikaniangukia mimi, kitinda mimba wake, ambaye mbele ya watu hata salamu hunikwama kooni. Afadhali kalamu.

Alianza kwa kufagia mifereji. Mwaka wa tatu akakabidhiwa vali ya bomba la nyuma, linalotoa maji kwenye bwawa la kuchujia rangi na kuyapeleka kijitoni. Tangu hapo, kila asubuhi hukinga maji hayo kwa chupa ya kioo, akaingia nayo kwenye kikao cha saa mbili na kuitua katikati ya vikombe vya chai. Yakiwa meupe, kikao huendelea. Yakiwa na rangi, huzungumzwa hayo kwanza.

Siku moja mnunuzi mgeni alijimiminia glasi kutoka kwenye chupa hiyo.

"Bosi, weka chini!" Mzee Chupa alimaka. "Hayo yameoga na vitambaa!"

"Mbona meupe hivi?"

"Sasa sisi tunalipwa kwa kazi gani?"

Mgeni alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo hajanunua kwingine.

Lakini si kila chupa ilileta kicheko. Miaka mitano iliyopita mnunuzi huyo aliagiza shehena kubwa ya kitambaa cha buluu, itoke ndani ya wiki mbili. Wafanyakazi waliahidiwa marupurupu. Siku ya sita bwawa lilifurika, na chupa ikaingia kikaoni ikiwa buluu kama wino. Kule chini kijitoni kina mama hufua nguo za watu, ndiyo riziki yao. Mzee Chupa akafunga vali. Maji yakakosa pa kwenda, mashine zikasimama.

"Unatuzibia riziki, mzee!" fundi wa mashine alimkoromea. "Wale mama si wafanyakazi wa hapa!"

"Ni majirani wa hapa. Sisi jioni tunaondoka na kufunga geti. Wao wanakwenda wapi?"

Mkurugenzi alimpa siku moja: alete njia, au alete funguo.

Nakiri, nyumbani nilimnunia. Watoto wa wenzake walikuwa wameacha kunisemesha shuleni. Nikamwambia, "Baba, si ufungue tu yaishe?" Hakunigombeza. Aliomba daftari langu la hesabu, akaanza kuchora zamu kwenye kurasa za nyuma.

Asubuhi alilipeleka kikaoni. Buluu itiwe mchana tu. Zamu ya usiku ikunje na kufunga mizigo, ili bwawa lipate kutulia. Mnunuzi apelekewe nusu kwanza na aambiwe ukweli. Mkurugenzi akapiga simu papo hapo, wote wakisikiliza.

"Kafunga Mzee Chupa?" mnunuzi aliuliza. "Basi nitasubiri."

Kazi ilichukua siku tisa zaidi. Marupurupu yalitoka, pungufu kidogo, na hakuna aliyepunguzwa kazini. Kina mama waliendelea kufua. Fundi wa mashine alinuna mwezi mzima, kisha akaja kuomba afundishwe vali.

Ndiye anayeirithi. Jumatatu iliyopita nilikwenda kupiga picha ya wasifu huu, nikajibanza mlangoni mwa kikao. Fundi aliingia na chupa, akaitua mezani. Ilikuwa na dalili ya rangi ya waridi, kidogo sana. Baba alifungua mdomo, lakini fundi akamtangulia:

"Jamani, funikeni mafaili. Tuanze na hii."

Baba akafumba mdomo, akavuta kikombe chake, akanywa chai. Wenzake husema chai yake hupoa kila siku akiisemea chupa; siku hiyo aliinywa ikiwa bado ya moto.

Asante, Mzee Chupa, kwa niaba ya kiwanda na ya majirani. Nenda kapumzike kwa afya na amani. Na daftari langu, baba, naomba lirudi nyumbani.