Maji Hayachotwi Bila Shikamoo

Sikilizeni wanangu, na wewe Gervasi mdogo wangu uliyejibanza hapo mlangoni, ingia ndani ukae, maana leo sitaki kuongea na mgongo wa mtu. Katekista Julius nimemwita mwenyewe awe shahidi, ili kesho asitokee mtu hapa Maretadu akasema mzee Akonaay alikuwa anaweweseka kwa homa. Homa ninayo, lakini akili zangu ni timamu, na hasira yangu pia ni nzima.

Juzi mlikaa hapo nje mkidhani nimelala. Mlisema nikishazikwa dada yenu Violeth afungashe vyake aondoke, na asitupe udongo kaburini kwangu, kwa kuwa ni mtoto wa mwiko, si damu yangu. Nikolausi, sauti yako niliijua. Hilary, wewe ulicheka, na kicheko chako kimenikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Leo nakitua.

Mwiko huo ninyi mmeusikia tu, mimi niliuona. Zamani hizo msichana akishika mimba kabla ya kuolewa alifukuzwa kwao, asiguse moto wa mtu wala maji ya mtu, eti nchi nzima itaharibika kwa ajili yake. Ndivyo alivyofukuzwa Kornelia, mama yenu ninyi wote. Nilimkuta kwenye kibanda cha kulindia mahindi, tumbo liko mbele, anatafuna mahindi mabichi kwa kukosa kaa la moto. Alikuwa ametoka kuomba moto kwa Gervasi, na Gervasi alipomwona anakuja alimwaga maji kwenye mafiga yake mwenyewe, aweze kusema hana. Nyumba yake nzima ililala na njaa siku ile, akaona ni afadhali.

Nilimwoa vilevile alivyokuwa. Aliyempa mimba ni nani, sikumuuliza mpaka anakufa. Watu walinitenga, nikalima peke yangu, na Violeth alipozaliwa nilimpokea kwa mikono hii, maana hakuna mwanamke aliyekubali kuvuka mlango wetu. Kitanda hakizai haramu. Ninyi mnaomwita mtoto wa mwiko, ziwa mlilonyonya ni lile lile, kwa hiyo mmemtukana mama yenu kaburini. Mimi huyu mtoto nampenda kuliko ninavyoweza kusema, na kwa kuwa nakufa sioni aibu kulisema.

Nani asiyemjua? Akiwa binti mdogo alilichapa dume la jirani lililoingia kwenye maharage yetu, kisha akamchapa na mwenye dume. Aliniambia mbele ya wageni kwamba kanisani naimba kama punda, nikacheka mpaka nikakaa chini. Na nilipozidiwa masika haya, barabara ikiwa tope tupu, ninyi mlisema tungoje gari. Yeye alinifunga mgongoni kwake kwa mashuka, akawasha pikipiki yake, akanifikisha hospitalini Haydom akinigombeza njia nzima nisithubutu kufa.

Sasa mali. Shamba la bondeni ni la Nikolausi, la kilimani ni la Hilary, ng'ombe mgawane kwa haki, asiwepo wa kusema nimemdhulumu. Nyumba hii na kiwanja chake ni vya Violeth, na chemchemi mnajua iko ndani ya kiwanja. Tangu mama yenu afariki mmeacha kumwamkia dada yenu, mnampita kama mti. Basi nikishazikwa, maji hapa hayachotwi bila shikamoo. Mtabisha hodi, mtasimama, mtasema shikamoo dada, mtangoja aitikie, ninyi na wake zenu, ng'ombe wakisubiri nyuma kwa kiu. Mnasema damu ni nzito kuliko maji. Kiangazi kikifika, kunyweni damu.

Gervasi, kaburini kwangu usishike chepe. Udongo wa kwanza atatupa Violeth, nawe utasimama mbali ukitazama. Mtenda hutendewa.

Violeth, usinivute shuka. Najua unataka niwasamehe. Padre naye kasema hivyo hivyo, nikamjibu nitaanza nikifika huko.

Ngojeni nipumue.

Leteni yale maziwa. Wazee wetu walitubariki hivi, kwa kututemea funda la maziwa kifuani, nami nguvu niliyobaki nayo ni ya funda moja tu. Njoo karibu, mwanangu. Karibu zaidi, macho yanaingia giza. Haya. Uzae, ng'ombe wako wazae, mdomo wako usizibwe na mtu. Akikuuliza mtu baba yako ni nani... usimjibu kwa upole.

Nikolausi, Hilary, rudisheni mikono. Maziwa yapo, pumzi ndiyo... haipo. Baraka yenu nimeiacha kwa dada yenu. Mkaombe kwake. Akiwapa, mmebarikiwa. Akiwanyima... mimi sipo.