Miguu Niliyoificha Alhamisi Kuu

Wewe uliyeketi karibu na mlango, sogea kidogo usikie, maana jambo hili bado linanitia aibu na sitaweza kulisema kwa sauti kubwa.

Ndugu zangu wa jumuiya, mnajua mimi ndiye ninayewafundisha watoto maana ya Pasaka. Kila mwaka nawaeleza polepole: usiku ule kabla ya kuteswa, Yesu aliinuka mezani akawaosha wanafunzi wake miguu, kazi ya mtumishi. Ndiyo sababu Alhamisi Kuu padri huwaosha miguu watu kumi na wawili mbele yetu. Halafu, watoto wakishaondoka, nilikuwa nawaambia wale kumi na wawili, "Mjisugue vizuri nyumbani na mpake mafuta. Msimwaibishe padri."

Mwaka jana nikachaguliwa mimi.

Hakuna aliyejua nina funza miguuni. Tangu mke wangu afariki nilikuwa nalala na mbuzi ndani kwa kuogopa wezi, na sakafu yangu ilikuwa vumbi tupu. Funza walianza kwenye kidole kimoja. Nikanyamaza, mwalimu mzima, nikavaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, jua na mvua. Mlinitania kwamba nimenunua shamba la mpunga kule Mwea. Mkacheka, nami nikacheka, huku vidole vinawaka moto.

Alhamisi ile nikatuma ujumbe kwamba nina malaria. Mama mmoja wa jumuiya akaniletea uji. Alinikuta kitandani nimejifunika mpaka kichwa, miguu imebaki nje.

"Mwalimu," akasema, "hii malaria yako iko kwa vidole?"

Ndugu zangu, nawaambia, nililia kama mtoto. Nikamwomba asimwambie mtu. Siwezi kupeleka miguu kama hii kanisani, nikamwambia.

"Kwani padri ataosha nini, kama kila mtu anakuja ameshajiosha? Si wewe ndiye hufundisha watoto?"

Nikavaa gambuti. Nilienda kanisani nikimshika bega.

Nilipovua gambuti mbele ya altare, harufu ilitangulia. Mtoto mmoja niliyemfundisha aliziba pua. Nikatazama chini. Padri alipiga magoti, akamwaga maji, akaushika mguu wangu bila haraka ya kwenda kwa mwingine. Sikuhisi utakatifu wowote, nisiwadanganye. Nilihisi aibu tu. Lakini hakuna aliyetoka nje.

Ijumaa Kuu, wengine wakifuata Njia ya Msalaba, yule mama na wenzake wawili walivaa glavu wakaniloweka miguu kwenye dawa ya rangi ya zambarau waliyopewa na muuguzi. Jumamosi wanaume wakawajengea mbuzi kibanda, wakaniwekea sakafu ya simiti. Jumapili ya Pasaka niliimba nimekaa, miguu imefungwa bendeji.

Asanteni. Sitawataja, mnajijua. Miaka yote hiyo niliieleza Pasaka nikidhani kazi ngumu ni ya yule anayeosha. Kumbe kuoshwa ni kugumu zaidi. Hata Petro alikataa kwanza Yesu alipotaka kumwosha.

Kwa hivyo ukifika nyumbani leo, kagua miguu yako na ya watoto wako, kidole kwa kidole. Ukiona kidoa cheusi kinachowasha, usikichimbe kwa sindano. Mwambie mtu mmoja, kisha uende zahanati.