Fundi Hakai na Mlio wa Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, fundi mkuu wa karakana yetu ya Idara ya Maji anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Sentensi hiyo niliiandika wiki tatu zilizopita, kisha kalamu ikanigomea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama kweli ataondoka. Mchapaji wa ratiba ya sherehe amenipigia simu mara nne, na ya nne hakunisalimu. Leo ndiyo naweza kumjibu.

Hapa kazini tunamwita Hakai. Ana kiti chake cha mbao mbele ya dirisha la stoo yangu ya vipuri, na kwa miaka kumi na tisa niliyofanya kazi hapa sikuwahi kumwona amekikalia. Kiti kinabeba koti lake na sanduku la spana. Chai anainywa akizunguka gari, kikombe mkono wa kushoto, wa kulia ukitikisa kioo, ukigonga mlango, ukipapasa tairi. Mikutano anahudhuria akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mkuu wa idara alishazoea kumalizia hotuba zake mapema kila akiuona ule mguu wa ndani nao unaanza kuondoka.

Alianza kwa kubadilisha matairi, akapanda hadi kuwa mwenye neno la mwisho kwenye kila gari letu. Lori la tangi ambalo wataalamu waliliandikia kifo, yeye aliliendesha miaka kumi na mmoja zaidi. Mwaka ule injini ya pampu kuu ilipokufa, alishinda kisimani siku tatu mfululizo, na mji mzima ukapata maji bila kujua kwamba nusura uyakose. Sipigi chuku, risiti za vipuri ninazo.

Lakini urithi wake mkubwa ni Daftari la Makosa. Lina jalada jekundu, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya kazi. Aliyekosea anaandika kosa lake mwenyewe, kwa mkono wake, na kutia sahihi. Hakuna karipio wala adhabu. Mimi nimo mara saba, mara moja kwa kutoa mafuta ya usukani palipotakiwa ya breki, na hadi leo nikiuona ukurasa ule masikio yananiwaka. Hakai alikuwemo mara mbili tu, zote katika mwaka wake wa kwanza. Na kitu kilichomchefua kuliko vyote ni kazi ya muda: waya badala ya nati, gundi badala ya bolti. Alikuwa akisema kazi ya muda ni kazi ambayo mwenyewe ameikimbia.

Mwanzoni mwa mwezi huu, dereva wa pikapu namba saba akaleta malalamiko. Gari linalia kwii-kwii kila likipita kwenye shimo. Hakai akacheka, akaahidi kulimaliza kabla ya chai. Alitia grisi kwenye springi, mlio ukabaki. Akabadilisha bushi, akakaza kila nati iliyokazika, akashusha tairi la akiba, akang'oa mlango wa nyuma wa bodi. Akaambulia patupu.

Kilichomtoa kijasho ni kwamba akiendesha peke yake alisikia, ila akimpakia mtu wa kumsaidia kusikiliza, pikapu lilinyamaza kimya kama limeapishwa. Alinipakia mimi, akampakia mchomeleaji, hata mhasibu. Sote tuliegemea kiti, tukafumba macho, tukatega sikio. Kimya. Tukaanza kutazamana, na yeye akatuona tunavyotazamana.

Hapo ndipo nilipomwona ameogopa. Haikuwa hofu ya pikapu. Aliniambia dirishani, bila mzaha, kwamba kama masikio yake yanamdanganya sasa, hajui yamemdanganya tangu lini, na ni magari mangapi ameyatoa hapa yakiwa mabovu. Akaenda kwa mkuu wa idara kuomba aongezewe mwezi mmoja. Tiketi za basi zilikuwa zimeshakatwa za Jumamosi, yeye na mkewe, waende kwa binti yao aliyejifungua. Mjukuu hajamwona bado.

Habari zikamfikia shemeji yetu, mke wa Hakai. Jumatano akaja karakana na mkoba wake, akamweleza mumewe mbele ya sote kwamba Jumamosi yeye anasafiri, na kama bwana hawezi kuachana na pikapu, basi alioe. Tulivunjika mbavu, lakini kimoyomoyo. Hakai akaomba angalau amrudishe nyumbani kwa namba saba, ili ajaribu mara moja zaidi njiani. Mimi nikaruka nyuma kwenye bodi.

Shemeji alikuwa amenuna kwelikweli. Alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, mkoba mapajani, hakuegemea hata kidogo. Shimo la kwanza: kwii! Hakai akakanyaga breki nusura nirukie juu ya kabini ya dereva. Shemeji, bila kugeuza uso, akapeleka mkono nyuma ya mgongo wake na kusema kelele yenyewe si hii hapa.

Walikunja kiti. Jeki ilikuwa inasugua chuma cha nyuma ya kiti, na kati yake kilining'inia kipande cha mpira wa bluu, kikavu, kilichosinyaa. Sisi wasikilizaji wote tuliegemea, tukaibana jeki kwa migongo yetu.

Shemeji akakichukua kile kipande, akakigeuza. Upande wa pili palikuwa na nusu ya ua jeupe. Ilikuwa kandambili yake, iliyopotea siku walipohama nyumba kwa pikapu hilohilo, miaka kumi na sita iliyopita, na ambayo kwa ajili yake hakumsalimia jirani miezi miwili. Hakai akakumbuka yote papo hapo. Jeki ilikuwa inagongagonga, yeye ana haraka, akakata kiatu alichokikuta chini ya kiti, akakipachika. Cha muda tu, hadi Jumatatu.

Turudi karakana, akasema. Akafunga jeki kwa mpira mpya na bolti mbili, akalifungua daftari jekundu. Aliandika: "Pikapu namba saba. Niliweka mpira wa muda, nikausahau. Kosa langu." Akatia sahihi. Shemeji akasoma, akamrudishia kalamu. Hakai akaongeza: "Pia kandambili ya mke wangu. Jirani hakuchukua."

Kisha akaondoa koti na sanduku la spana kwenye kiti chake, akakaa. Hatukujua pa kuweka mikono. Alikaa hadi chai ikaisha.

Fundi, asante kwa masikio yako, yaliyokuwa mazima wakati wote. Jumamosi asubuhi namba saba litawapeleka stendi, na kiti chako kitakuwa kwenye bodi, kwa sababu tumekupa uende nacho. Tunakutakia siku njema nyingi za kukikalia, mjukuu akiwa mapajani. Nawe Shemeji, safari hii egemea. Hakuna kitakacholia.