Mama Ndoo na Nyumba ya Dada Yangu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkaguzi wetu wa nyumba anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii ya bima kwa miaka thelathini na mmoja. Wateja wanamwita Mama Ndoo, na sisi wa kaunta tumeshasahau kumwita vingine.

Jina alilipata kazini. Mtu akitaka kuikatia nyumba yake bima, Mama Ndoo anakwenda, anasalimia, anaomba ndoo ya maji. Wenye nyumba wanadhani ana kiu ya ajabu. Yeye anaibeba mpaka upande wa juu wa uwanja, anaimwaga, halafu anashika kiuno kuangalia maji yanaelekea wapi. Yakikimbilia mlango wa jiko, anamgeukia mwenye nyumba: "Umeona mgeni wako atapitia wapi?" Mzee mmoja mwenye duka alimjia juu kwamba anamwaga maji ya kununua. Alikata kinga ya mafuriko huku ananuna. Masika ile maji yakaingia palepale alipoonyeshwa, ofisi ikamlipa. Siku hizi akifika kaunta, kabla ya salamu anauliza, "Mwenye ndoo yupo?"

Ni yeye aliyetufundisha kumwambia mteja ukweli kabla hajatia sahihi. Bima ya kawaida ya nyumba yetu inalipa moto, wizi, hata bomba likipasuka ndani. Maji yakitoka nje yakaingia, hailipi. Kinga ya mafuriko inakatwa peke yake, na inakatwa jua likiwa linawaka, kwa sababu haianzi kazi mpaka mwezi upite. Watu wengi wanaisikia habari hii wakiwa wamesimama kwenye tope sebuleni.

Dada yangu aliisikia hivyo, na wa kulaumiwa ni mimi.

Huyu dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alipomaliza kujenga alikuja kwangu kukata bima, akaniuliza habari ya mafuriko. Nikamcheka. "Dada, wewe uko mlimani. Maji yakikufikia wewe, sisi wa bondeni mtakuwa mmeshatuzika." Utaratibu unataka Mama Ndoo apite kwanza. Nikajisemea hakuna haja, nyumba naijua, matofali yake nimebeba mwenyewe. Nikapitisha bila ukaguzi, wala sikumwambia dada kwamba bima ile hailipi maji ya nje.

Sikuangalia kwamba jirani wa juu yake alikuwa anasakafia uwanja wake wote kwa saruji. Maji yaliyozoea kuzama kwenye udongo ule yakakosa pa kwenda. Mvua kubwa ya kwanza yakashuka, yakasukuma mlango wa jiko, yakalala sebuleni siku mbili. Vyerehani vyake, ndivyo vilivyokuwa vinasomesha watoto, vikajaa tope mpaka kwenye mota. Na hakuna mto hata mmoja karibu na nyumba ile.

Mama Ndoo ndiye aliyetumwa kukagua hasara. Alishinda kule anasaidia kutoa magodoro nje, kisha ikambidi aseme kwamba ofisi hailipi. Kesho yake dada alikuja akamfokea mbele ya wateja. Alimwita mwanamke mwenye jiwe kifuani, akasema anakula mshahara kwa machozi ya watu. Mimi nilikuwa hapo hapo kaunta. Neno langu moja lingetosha. Nikainama, nikaanza kupanga mihuri iliyokwisha kupangwa.

Mama Ndoo alinitupia jicho mara moja, akamwambia dada, "Una haki ya kukasirika, mama." Basi. Baadaye nilimfuata chumba cha chai kumwomba radhi. Aliendelea kuosha kikombe chake. "Usiniambie mimi, mdogo wangu. Mwambie dada yako. Mimi sitakusemea."

Miaka sita imepita. Dada akimwona njiani anavuka barabara. Mama Ndoo anamsalimia hivyo hivyo, salamu inabaki hewani. Nami kila mwaka nilikuwa nikijiambia, mwakani. Nilipopewa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga, kalamu ilikataa. Nitamsifuje mtu niliyemwachia lawama yangu aibebe?

Jumapili nilikwenda kwa dada nikasema yote. Meneja naye nimeshamwambia. Dada alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo nimemnunia mtu wa watu miaka yote hii bure, na wewe unakuja kula kwangu kila wiki." Hajanisamehe, wala sijamharakisha. Ila aliniuliza sherehe ni saa ngapi, akataka atengewe kiti. Si karibu na mimi. Karibu na Mama Ndoo.

Kiti nimekiweka mwenyewe.

Mama, tunakushukuru kwa kazi yote, na mimi nakushukuru kwa uvumilivu ambao sikustahili. Nenda ukapumzike, afya iwe nawe, ucheke na wajukuu mpaka uchoke. Lawama ile ilikuwa yangu. Leo nimeichukua.