Byron Aloo, Mtunzi Asiyetajwa Jina (1985–2025)

Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mwalimu Oduor alikuwa amesimama mbele ya kwaya ya kanisa lake pale Otonglo simu ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa Terry, mke wa mdogo wake. "Shemeji, Aloo ametuacha." Oduor aliwaambia waimbaji waketi, akatoka nje, akaiacha Biblia yake mezani.

Byron Aloo alizaliwa Port Victoria tarehe 14 Machi 1985, kitinda mimba wa marehemu Mzee Okello na marehemu Mama Awuor. Alisoma huko huko hadi kidato cha nne, mwaka 2003. Kinanda alifundishwa na Oduor, kaka yake mkubwa, aliyemchapa vidole kila alipokosea. Kufikia kidato cha pili, Oduor hakuwa na la kumfundisha tena, na hapo ndipo wivu ulipoingia. Oduor mwenyewe ameomba jambo hili lisomwe.

Marehemu alianza kazi kama fundi wa redio, mtaani Obunga, Kisumu. Mwaka 2013, baada ya kukataliwa mara mbili, tungo zake tisa zilipokelewa na maktaba ya muziki, mahali mtandaoni ambapo watengenezaji wa filamu na matangazo huchagua muziki ulio tayari. Alitunga zaidi ya mia nne. Zilisikika kwenye habari za mafuriko na matangazo ya sabuni, jina lake halikutajwa.

"Muziki bila maneno unamsifu nani, bwana? Sabuni?" Oduor alimtania mbele ya wageni.

"Mwalimu, maneno nimekuachia wewe," Aloo alijibu, akicheka.

Mwaka 2014 alifunga ndoa na Terry Nabalayo.

Mama alipozikwa mwaka 2021, familia ilikusanyika kutazama video ya mazishi. Muziki uliowekwa kwenye video hiyo ulimliza Oduor. "Nani ametunga huu? Nataka kwaya yangu iujue."

Dada yao Lornah akasema, "Si ni wa Aloo! Mwangalie anavyojikausha."

Oduor alizima televisheni. Kwa miaka mitatu hakukanyaga kwa mdogo wake, hata figo za Aloo zilipoanza kushindwa.

Alikuja Novemba 2024, Aloo akiwa amelazwa hospitalini Kisumu. "Omera, ndugu yangu, nilikuonea wivu."

"Najua. Hata mimi nilikuonea. Wewe ukiimbisha, watu wanakuona."

Walicheka mpaka muuguzi akawanyamazisha. Tangu siku hiyo Oduor alimwachia msaidizi wake kwaya, akawa analala kwenye kiti kando ya kitanda.

Marehemu ameacha mjane, Terry; watoto wawili, Maryanne na Adero; kaka, Oduor; na dada, Lornah.

Jumamosi tarehe 8 Februari, Oduor alimnyoa ndevu, akamlisha uji vijiko vitatu, wakasali pamoja. Aloo akamwambia, "Kesho nenda kaimbishe. Wamekungoja sana." Wakashikana mikono, Oduor akaondoka. Asubuhi, Terry akiwa kando yake, Aloo alikata roho.

Bwana ampokee, ampumzishe.