Kitanda Kisicholia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi Athumani wa Hedaru, aliyetutoka wiki iliyopita. Msinune sana, maana mwenyewe alipenda kicheko.

Athumani alitoka Tabora kuja kukata mkonge. Miaka ya Ujamaa akahamia kijiji kipya hapa chini ya milima, na hapo akampenda Ziada, binti wa Mzee Omari. Mzee akampa sharti moja: alete kitanda kisicholia. Nyumba za kijiji zilipangwa safu, zimekaribiana. "Sitaki majirani wasikie binti yangu akijigeuza," alisema.

Kitanda kisicholia. Hilo ndilo sharti, la sivyo hapati mke. Cha misumari hulegea kikaanza kulia, kwa hiyo Athumani akatafuta skrubu. Mbao zenyewe za mninga, ngumu. Keekee ya kutobolea hakuwa nayo. Nasema tena, keekee hakuwa nayo. Alikuwa na bisibisi, msumari mrefu na jiko la mkaa. Aliuchoma msumari hadi ukawa mwekundu, akatoboa mbao, akapaka skrubu sabuni, akaanza kuzungusha. Wenzake wakamtania: "Mnyamwezi, shika nyundo, utazeeka hujaoa." Akawajibu, "Skrubu haigongwi, hubembelezwa." Viganja vikachubuka, vikatoka damu.

Siku ya posa kitanda kikawekwa uani. Mzee Omari akakaa. Kimya. Akajitupa kwa nguvu. Kimya. Akajilaza ajaribu kila upande, na wazee wakasubiri jibu. Wakasubiri weee. Kumbe mzee kalala fofofo. Alipoamshwa alisema, "Mke nimekupa, kijana. Sasa mkweo naye alale wapi?" Uani kote watu wakavunjika mbavu.

Jana nilikwenda kumpa pole Bi Ziada. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatabasamu. Akaniambia: "Baba alitazama kitanda. Mimi nilitazama viganja vya Athumani, nikakubali kabla baba hajakaa. Athumani nilikuja kumwambia mwaka jana tu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, 'Miaka yote hii nilidhani ni skrubu zilizonipa mke.'"

Bi Ziada, watoto na wajukuu, poleni sana. Mola amlaze fundi wetu mahali pema. Nawe unayenisikiliza, kama kuna neno jema umemwekea mwenzako moyoni, mwambie leo, angali anasikia.